Kushoto Kwetu, Kulia Kwao

Wiki iliyopita dereva aliyekabidhiwa lori langu alinipigia simu akiwa Kahama. Tulisalimiana, akasita kidogo, kisha akauliza, "Mzee, hii bangili ya shaba uliyoiacha kwenye usukani ni dawa? Maana mke wangu amesema niitupe mtoni." Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia asiitupe, aendeshe salama, mengine nitamwandikia. Ndiyo haya sasa, na kwa kuwa nimeshashika kalamu, nawaandikia ninyi nyote mnaopeleka mashudu ya pamba Rwanda kutoka hapa Bariadi. Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Siku ya kwanza nilikuwa dereva na siku ya mwisho nilikuwa dereva, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio wenu.

Mimi nilizaliwa Migato, na kabla ya kuvuka mpaka wowote nilibeba pamba. Nilikuwa naizoa kwenye maghala ya vijijini na kuileta kiwandani. Siwezi kusema nilijifunzia udereva barabarani, kwa sababu barabara zenyewe hazikuwepo. Njia za pamba wakati ule hazikuwa na kushoto wala kulia. Mvua ikinyesha unapita palipo pakavu, hata kama ni ndani ya shamba la mtu, na mwenye shamba unampungia mkono. Mkikutana malori mawili, anapisha mwenye mzigo mwepesi. Hiyo ndiyo sheria ya usalama barabarani niliyoijua mimi vizuri.

Kwa hiyo tajiri aliposema nitakwenda Rwanda na Mzee Limbu kujifunza njia, niliona ni jambo dogo. Mzee Limbu alikuwa dereva wake wa zamani kuliko wote, mfupi, anakalia mto ulioshonwa na mkewe ili aone mbele vizuri. Njia nzima kutoka Bariadi hadi Nyakanazi nadhani alisema maneno yanayoweza kuenea kwenye kiganja. Nilidhani amekasirika. Baadaye nilijua kwamba alikuwa anasikiliza injini.

Tulifika Rusumo asubuhi, tukavuka daraja juu ya maporomoko ya mto Kagera, tukamaliza karatasi upande wa Rwanda. Nikafikiri tunaondoka. Mzee Limbu akapiga hendibreki, akazima injini, akavua bangili ya shaba mkono wa kushoto na kuivaa mkono wa kulia. Halafu akasema kwa sauti, kama mtu anayemsalimia mwenzake ng'ambo ya mto, "Kushoto kwetu, kulia kwao!" Ndipo akawasha gari.

Na mimi niliuliza swali lile lile la huyu kijana. "Mzee, hiyo ni dawa?"

"Ndiyo. Dawa ya kusahau." Akaingia barabarani upande wa kulia, taratibu. "Kichwa kinasahau, bhabha. Mkono hausahau, kwa sababu shaba inabana na inawasha. Upande unaowasha ndio upande wa kushika."

Nikamwambia sidhani kama mtu mzima anaweza kusahau jambo hilo, maana magari yote yanakuja upande mwingine na unaona kabisa.

"Huku hutasahau," akasema. "Huku utakuwa unaogopa. Utasahau siku unarudi kwenu."

Sikumwelewa. Bangili yenyewe alikuwa ameisokota mwenyewe kwa waya wa shaba aliotoa kwenye stata iliyoungua. Nyuzi tatu tu, haina chochote kingine.

Sasa, watu pale stendi ya Bariadi huniuliza mpaka leo ni wapi bora, huku au kule, na hawapendi jibu refu. Ninyi nitawapa refu, kwa sababu mtaishi nalo. Jambo la kwanza lililonishtua Rwanda ni ukimya. Hapa kwetu ukisimamisha lori dakika tano unakuwa na wauza karanga, wauza maji, mtu anayekuuliza unatoka wapi, na mwingine anayedai mmesoma wote. Kule nilisimama nusu saa, watu wakapita, wakanitazama, wakaendelea na safari zao. Nilihisi kama nimefiwa na hakuna aliyekuja. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hawakunidharau, walikuwa wananiachia nafasi. Mtu wa Migato hajui kuachiwa nafasi ni kitu gani.

Bodaboda wao anambeba abiria mmoja, na huyo mmoja anavaa kofia ngumu. Hapa Bariadi tunapanda mshikaki, watu watatu na kuku. Mifuko ya nailoni walikataza kabla yetu; safari yangu ya pili walinishushia michembe, viazi vikavu vya mke wangu, iliyokuwa kwenye mfuko wa nailoni, wakachukua mfuko, wakanirudishia viazi vyangu mikononi kwa heshima zote. Bei ya kitu ni ile waliyokutajia. Nilijaribu kupunguziwa bei ya ndizi kwa mbinu zote za gulio, mpaka ile ya kuondoka kwa hasira. Niliondoka kwa hasira na muuzaji hakuniita. Nilizunguka nyumba moja nikarudi kununua.

Ukivuka daraja saa nne unajikuta saa tatu. Ukirudi, wanakunyang'anya ile saa moja waliyokupa. Barabara zao ni nzuri na zina milima isiyoisha, na usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ukiingia kule unakaa upande wa mtaro na huoni cha mbele. Usilipite gari lolote kule. Narudia, usilipite. Kaa nyuma ya lori linalojikongoja, imba, utafika.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Rwamagana, Mama Claudine, aliyefuga ng'ombe wa maziwa na kuwagawia majirani zake mashudu yetu. Mara ya kwanza alinipa maziwa, nikanywa, nikashukuru, naye akaniambia, "Gira inka." Mzee Limbu akanitafsiria kwamba ananitakia niwe na ng'ombe. Mimi Msukuma, nikamjibu kwamba asante, ninao tayari, na nikamtajia wako kwa nani na nani. Mzee Limbu alifunga macho. Nilikuwa nimetakiwa heri nikajibu kama ninayeandikishwa. Mama Claudine alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Halafu akanionyesha ng'ombe wake. Nilitegemea kundi. Walikuwa watatu, ndani ya banda, wanaletewa majani, kila mmoja ana jina. Nilimwonea huruma mama yule mpaka nilipoona ndoo zinavyojaa. Baba yangu alikuwa na kundi la kutia vumbi kijiji kizima, na sisi watoto tulikuwa tunagombania kikombe. Niliporudi nyumbani nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Sawa, lakini huyo mama akipita, nani anajua kwamba ni tajiri?" Hapo ndipo nchi hizi mbili zinapoachana, na sijui nani kati yao alikosea.

Jambo moja nililowazidi ni jembe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kule hakuna kazi asubuhi, watu wote wanatoka kufanya usafi na kuchimba mitaro ya kijiji. Ilinikuta hiyo nikiwa kwa Mama Claudine, na kukaa ndani ya lori kutazama wanawake wakilima ni aibu ambayo singeweza kuipeleka Simiyu. Nikaomba jembe. Sisi, mnajua, hatulimi kimya. Nilianza kuimba na kurusha jembe kama tulivyokuwa tunafanya kwenye vikundi vya kulima Migato, na wale watu wakimya waliacha kazi, wakanitazama. Kisha mzee mmoja akaanza kupiga makofi. Mtaro ule tulimaliza mapema. Kila mwaka baadaye waliniuliza kama nitakuwepo Jumamosi.

Mzee Limbu alipostaafu alinivisha bangili yake mwenyewe, mkono wa kushoto, mbele ya lori. Hakutoa hotuba. Nikaivaa miaka, nikabadilisha mikono kila mpaka, nikasema maneno yale kwa sauti, na sikuwahi kukosea hata mara moja. Ndiyo maana nikaanza kudhani ni mimi hodari.

Sasa nafika pale ambapo sijawahi kumfikisha dereva mwenzangu. Dereva mmoja wa hapa mjini aliniona Rusumo nikivua na kuvaa na kuongea peke yangu. Haikupita wiki, Bariadi nzima ikajua kwamba Baba Kulwa anabadilisha hirizi mpakani. Mke wangu, Mama Kulwa, ni mtu wa Nassa, mwimba kwaya, na maneno hayo aliyapata kanisani, kutoka kwa wanawake wenzake, wakiwa wamevaa sare.

"Baba Kulwa, mkononi una nini?"

Nikamweleza. Kila neno la kweli.

"Kama ni kukumbuka tu, si uandike kwenye karatasi? Umesoma."

"Mkono unakumbuka kuliko—"

"Mimi sitasimama mbele kuimba huku watu wananitazama kama mke wa mganga. Nakuomba, mume wangu." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekataa.

Nikaivua nikampa, akaiweka kwenye kopo lake la sindano na nyuzi. Nami nikachukua kipande cha boksi, upande mmoja nikaandika KUSHOTO, upande wa pili KULIA, nikakibandika mbele ya usukani. Ukivuka, unakigeuza. Safari ya kwanza nilikigeuza. Ya pili nilikigeuza.

Ya tatu, nilikuwa narudi na lori tupu. Asubuhi nzuri, karatasi za upande wetu zimeisha haraka, nimeshasikia Kiswahili cha kupiga kelele, nimekunywa chai ya nyumbani, moyo umelegea. Nikatoka. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma la kunionyesha upande. Nikapanda kilima nikipiga mluzi, na boksi langu mbele ya macho limeandikwa KULIA.

Kwenye kona nikaona baiskeli inashuka upande wangu. Mwanamume anaendesha, mkewe nyuma, mtoto mgongoni mwa mama. Nikasema moyoni, huyu mjinga anakuja upande wangu na familia yake. Nikampigia honi. Honi ndefu. Hakutoka. Nikapiga tena, na bado nilikuwa sijakanyaga breki, kwa sababu nilikuwa na haki. Niliona uso wa yule mwanamume. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. Na uso huo ndio ulioniamsha.

Nilivuta usukani kushoto kwa mikono yote. Lori likaingia mtaroni, likasimama limeinama. Nikatazama kwenye saitimira, baiskeli iko chini na sioni mtu. Hakukuwa na sauti yoyote, hata ndege. Halafu mtoto akalia. Vijana, nimesikia vinanda na ngoma na kwaya ya mke wangu, lakini sijawahi kusikia kitu kizuri kama kilio cha yule mtoto. Nilishuka nikatambaa mpaka kwao.

Walikuwa wamechubuka, basi. Mume alikuwa anainua baiskeli, anakagua ringi. "Unatokea Rwanda?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, "Nilijua," kama vile si mara ya kwanza. Lakini mkewe alisimama akanisogelea, mtoto anamlilia mgongoni, kitenge kimejaa vumbi.

"Na honi ulitupigia," akasema. "Ungetuua, na ungetuua huku unatugombeza."

Niliwapeleka zahanati kwa gari la kuazima, wakasafishwa vidonda, tukaagana vizuri. Tajiri nilimwambia nilimkwepa mbuzi. Akawasimulia madereva wengine jinsi Baba Kulwa alivyo na moyo, anaharibu bampa kwa ajili ya mbuzi wa watu. Mke wangu naye nilimwambia mbuzi. Ningemwambiaje kweli? Angejua kwamba ile karatasi aliniomba yeye, na usingizi wake ungekwisha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Sehemu nyingine ya ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu.

Wiki ile ile nilitafuta stata mbovu gereji, nikachomoa waya, nikasokota bangili yangu. Ya Mzee Limbu niliiacha kwenye kopo la sindano ili Mama Kulwa akifungua aione ipo. Yangu ilikaa kwenye boksi la spana. Nikifika Kahama naivaa kushoto, Rusumo naihamisha kulia, kurudi naihamisha kushoto, Kahama naivua, nafika nyumbani mikono mitupu kama mlokole. Miaka yote iliyobaki niliendesha hivyo. Ninyi mnaonisifu kwamba sikuwahi kugonga mtu, sasa mnajua nilikuwa karibu kiasi gani. Kila safari, nikifika kona ya kilima kile, nilikuwa napunguza mwendo na nasikia maneno ya yule mama. Nilichokuwa nakiomba ni kimoja tu: nimalize kazi hii bila kumuua mtu.

Nimemaliza. Siku ninakabidhi funguo, nilikaa ndani ya lori nikapumua mpaka fundi wa gereji akaja kugonga kioo kuuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia. Nilikuwa nimetua mzigo ambao hakuna aliyeuona. Bangili yangu nikaining'iniza kwenye usukani, na ndiyo hiyo kijana wetu anataka kuitupa mtoni.

Mwezi uliofuata Mama Kulwa alisema anataka kuona hiyo Rwanda niliyomsimulia, na Mama Claudine alikuwa ametualika miaka mingi. Tukapanda basi Kahama. Mimi abiria! Nilikaa dirishani nikitazama njia yangu ikiendeshwa na mtu mwingine, na mguu wangu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Rusumo tulishuka, tukagongewa mihuri, tukapanda tena. Basi likiwa bado halijaondoka, nikaona mkono wangu wa kulia unashika kifundo cha mkono wa kushoto, unatafuta kitu pale juu ya kiganja.

Mama Kulwa akafungua fundo la kitenge chake. Ndani kulikuwa na bangili ya Mzee Limbu. Akauchukua mkono wangu wa kulia akanivisha, taratibu, kama anavyowavisha wajukuu viatu.

"Nani aliyekuwa anafua mashati yako, Baba Kulwa?" akasema. "Shaba inaacha kijani."

Nikautazama mkono wa shati langu.

"Uliponipa hii, kijani kiliisha. Ulipomkwepa yule mbuzi wako, kijani kikarudi. Nikajua hakukuwa na mbuzi."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Ningesema, ungeivua tena kunifurahisha. Ulishanifurahisha mara moja." Akatazama nje, kwenye daraja. "Kila ukirudi nilikuwa naangalia mkono wa kushoto wa shati kama una kijani kipya. Nikikiona najua umehamisha. Ndipo nakula."

Basi nikamwambia. Kona, baiskeli, boksi, honi, maneno ya yule mama, yote, huku basi linaondoka upande wa kulia. Alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza tulikuwa tumepita vilima viwili vitatu.

"Mtoto alilia mara moja, au aliendelea?" akauliza.

"Aliendelea. Alilia mpaka zahanati."

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, lakini hakuwa anasema na mimi. Akafuta macho kwa upande wa kitenge, kisha akaniegemea. Nilihisi wepesi ambao hata siku ya kukabidhi funguo sikuupata.

Kwa Mama Claudine alikaa siku nne, akanywa maziwa, akajua majina ya ng'ombe wote, na akaomba nisimtajie mtu yeyote wa Nassa kwamba alipenda kule. Alisema pangekuwa pazuri zaidi kama watu wangesalimia kwa kirefu. Aliposhukuru, Mama Claudine akamtakia ng'ombe, naye akajibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi.

Tukarudi. Rusumo upande wetu mihuri ikagongwa, wauza karanga wakavamia madirisha, mtu akamwita mwenzake kwa jina lake na la ukoo wake. Nikalegeza mabega. Mama Kulwa akanishika mkono wa kulia, akaanza kuivuta bangili.

"Mimi siendeshi, Mama Kulwa," nikamwambia.

"Najua." Akanivisha mkono wa kushoto, akaikaza mpaka ikawasha. "Lakini tunarudi nyumbani."